Wakisema dawa imepatikana, uliza iko awamu gani

Kumbi za hoteli za Westlands na Upper Hill hazikosi kongamano la afya. Mkuu wa kampuni ya bioteknolojia husimama mbele ya wawekezaji, madaktari na wanahabari, akaeleza kwamba matokeo ya dawa yao yanatia moyo, kwamba wameingia awamu ya pili ya majaribio kwa watu, kwamba wanatafuta washirika. Kufikia jioni habari imeingia kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa imebaki maneno mawili tu: dawa imepatikana. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kule Dandora anaisoma, na siku ya kliniki anamuuliza daktari: itafika lini hapa?

Swali hilo ni la haki. Mara nyingi mkuu yule hakudanganya, na kila alichotamka ni kweli. Ila katika mazungumzo ya wakuu wa kampuni hizi mambo mawili husemwa kwa pumzi moja: ushahidi na pesa. "Tumeingia awamu ya pili" ni habari ya ushahidi. "Tunatafuta washirika" ni habari ya pesa. Asiyejua dawa hupitia wapi, na nani huamua iendelee au iachwe, hawezi kuyatenganisha hayo mawili. Na sisi wa Nairobi tuna sababu ya ziada ya kuyaelewa, kwa kuwa miili yetu, madaktari wetu na maabara zetu zimo ndani ya safari hiyo kwa miaka mingi sasa.

Tuanze na kampuni zenyewe. Kwa miongo mingi insulini ya wagonjwa wa kisukari ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe waliochinjwa. Mwaka 1976, mwekezaji Robert Swanson na mwanasayansi Herbert Boyer walianzisha kampuni ya Genentech huko California. Wanasayansi wakapandikiza jeni ya insulini ya binadamu ndani ya bakteria, na bakteria wakaanza kuitengeneza. Mwaka 1982 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha insulini hiyo, na aliyeiuza ni Eli Lilly, kampuni kubwa iliyokuwa na viwanda na wauzaji tayari. Kampuni ndogo ilibuni, kubwa ikapeleka sokoni. Hadi leo biashara hii huenda hivyo mara nyingi.

Ukilishika hilo, mazungumzo mengi yanafunguka. Kampuni ndogo ya bioteknolojia inaweza kukaa miaka kumi bila kuuza hata dozi moja. Inalipa mishahara kwa fedha za wawekezaji, na fedha hizo huja kwa mafungu: fungu la majaribio ya wanyama, fungu la awamu ya kwanza, fungu la awamu ya pili. Ili lipatikane fungu linalofuata, lazima matokeo ya fungu lililopita yatangazwe, na yatangazwe kwa sauti ya matumaini. Kwa hiyo tangazo la mkuu wa kampuni mara nyingi linamlenga mwenye mtaji. Mgonjwa analisikia tu kwa kuwa yumo ukumbini, au kwa kuwa ana simu.

Mwanzo wa dawa

Dawa huanza kwa kutafuta sehemu moja ya ugonjwa inayoweza kuguswa: protini ambayo kimelea hakiishi bila yake, au hitilafu ndani ya seli. Kisha hutafutwa kitu cha kuigusa. Maabara hupitisha maelfu ya kemikali, moja baada ya nyingine, na nyingi hazifanyi lolote. Wakati mwingine kitu hicho hutoka udongoni. Ivermectin, dawa iliyookoa macho ya mamilioni ya watu dhidi ya usubi, ilitokana na bakteria wa udongo wa Japani.

Na wakati mwingine hutoka kwetu. Dawa ya kisukari iitwayo acarbose, ambayo kampuni ya Bayer huiuza kwa jina Glucobay, hutengenezwa kwa kutumia bakteria. Aina moja ya bakteria waliohusika, iliyopewa jina SE50, asili yake ni Ruiru. Wakenya wengi hupita Ruiru kila siku kwenye Thika Road wala hawajawahi kusikia jambo hili. Bakteria hao walipochukuliwa, hapakuwa na sheria ya kimataifa ya kumlazimisha mtu kuomba ruhusa au kugawana faida. Itifaki ya Nagoya, inayotaka nchi yenye mmea au kiumbe ipate fungu lake, ilipitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014.

Nalitaja hili mapema kwa sababu mwanzo ndipo hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, inapoandikwa. Mwenye hataza ndiye atakayeamua, miaka kumi na mitano baadaye, nani aruhusiwe kuitengeneza dawa na kwa bei gani. Yote yatakayofuata, hata yakifanywa Nairobi na kwa ustadi mkubwa, hayabadilishi jina lililoandikwa pale.

Baada ya maabara huja wanyama: panya kwanza, kisha wakubwa zaidi. Hapa huangaliwa kama ini linaharibika, moyo unabadili mapigo, mimba zinatoka. Kemikali nyingi huishia hapa na hatusikii majina yake.

Awamu tatu, na zinavyouliza maswali tofauti

Hapa ndipo pa kukawia, maana kosa kubwa la wasikilizaji hutokea hapa. Watu hudhani awamu hizi ni ngazi za ubora, kwamba dawa ya awamu ya pili ni nzuri mara mbili kuliko ya awamu ya kwanza. Sivyo. Kila awamu inauliza swali lake.

Awamu ya kwanza huwa na watu wachache, makumi tu, na mara nyingi ni wenye afya, wasio na ugonjwa huo. Swali ni: dawa hii ni salama, na dozi ipi mwili unaivumilia? Ikifaulu, bado hakuna anayejua kama inatibu. Awamu ya pili huchukua watu kiasi cha mamia, sasa wakiwa wenye ugonjwa wenyewe, na swali ni kama kuna dalili ya kufanya kazi. Dawa nyingi hufia hapa. Awamu ya tatu huchukua mamia hadi maelfu, na swali linakuwa gumu zaidi: je, inashinda tiba iliyopo, au inashinda kutopewa kitu? Kati ya dawa kumi zinazoingia awamu ya kwanza, ni takriban moja tu inayofika kwenye idhini.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza gharama zinazotajwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walikadiria mwaka 2014 kwamba dawa moja mpya hugharimu dola bilioni 2.6. Utafiti mwingine uliochapishwa 2020 ulipata kiasi cha kati cha dola milioni 985. Tofauti ni kubwa, na sababu mojawapo ni kwamba makadirio haya hujumlisha pia dawa zilizofeli na faida ambayo mtaji ungeleta kama ungewekwa kwingine, na kila mkadiriaji ana njia yake ya kuhesabu. Mkuu wa kampuni akitaja bilioni hizo kutetea bei, ni halali kumuuliza amehesabu nini.

Nairobi ina kisa kinachofundisha awamu hizi kuliko kitabu chochote. Tangu miaka ya 1980, madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Kanada waliendesha kliniki ya wanawake wa Majengo, Pumwani, waliokuwa wakiishi kwa biashara ya ngono. Wakagundua kwamba wachache kati yao hawakuambukizwa virusi vya ukimwi ingawa walikutana navyo mara kwa mara kwa miaka. Damu yao ilionyesha kwamba kinga ya mwili imejifunza kuzitambua seli zilizoambukizwa na kuziua. Fikra ikazaliwa: tukiifundisha kinga ya watu wengine vivyo hivyo, tutakuwa na chanjo. Wanasayansi wa Oxford na wa Nairobi wakaibuni pamoja, na mapema 2001 Wakenya wa kwanza wakachomwa sindano hiyo jijini, chini ya mpango ulioongozwa na Profesa Job Bwayo.

Mambo mawili yalitokea. La kwanza lilihusu umiliki. Mwaka 2000 ilijulikana kwamba hataza imeombwa Uingereza bila Chuo Kikuu cha Nairobi kutajwa, ukazuka mgogoro mkubwa, na mwishowe pande zikakubaliana kumiliki pamoja. La pili lilihusu ushahidi. Chanjo ilikuwa salama, yaani swali la awamu ya kwanza lilijibiwa vizuri, lakini kinga iliyoamshwa mwilini ilikuwa hafifu mno, na kazi ikasimamishwa. Majengo kwenyewe ikaonekana kwamba baadhi ya wanawake wale waliopumzika kazi hiyo kwa muda kisha wakarudi waliambukizwa. Kinga yao haikuwa ya kudumu.

Wapo wanaokihesabu kisa hiki kuwa hasara. Sikubaliani nao hata kidogo. Wauguzi, wataalamu wa maabara na wasimamizi wa takwimu waliofunzwa kwa ajili ya chanjo ile ndio waliojenga msingi wa taasisi ya utafiti ya KAVI iliyopo chuoni hadi sasa. Zile friza za nyuzi 80 chini ya sifuri, na jenereta inayowaka umeme unapokatika ili sampuli zisiharibike, hazikununuliwa kwa chanjo moja tu.

Tena kuna majaribio yaliyofaulu hapa nyumbani na yakabadili mwongozo wa dunia. Utafiti wa KEN SHE uliuliza kama dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inatosha. Wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20, kutoka Thika, Nairobi na Kisumu, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipata chanjo ya HPV na wengine chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ili wote wachomwe sindano yenye faida na mshiriki asijue kapewa ipi. Matokeo yalitoka 2022: dozi moja ilikinga kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya mwanzo. Desemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliitambua dozi moja kuwa njia mojawapo inayokubalika. Kwa nchi isiyoweza kumrudisha kila msichana kliniki mara ya pili, huo ni mlango mkubwa.

Angalia ilivyowezekana kupata jibu hilo. Mgawanyo wa bahati nasibu, kundi la kulinganisha, na mpimaji asiyejua nani kapewa nini. Dawa ikitangazwa bila vitu hivyo, tangazo halijafika mbali.

Ndani ya chumba cha ridhaa

Kabla ya mtu yeyote kuchomwa au kumeza kitu, andiko la utafiti hupita kwenye kamati ya maadili, Bodi ya Dawa na Sumu iliyo Lenana Road, na tume ya sayansi ya NACOSTI. Kisha hubaki meza, viti viwili na fomu. Fomu huandikwa kwa Kiswahili na lugha nyingine za washiriki, na muuguzi huisoma sehemu kwa sehemu: dawa hii bado haijathibitishwa, damu itatolewa kiasi hiki, nauli yako utarudishiwa, haya ndiyo madhara yanayojulikana. Asiyesoma huweka dole gumba mbele ya shahidi ambaye si mfanyakazi wa utafiti. Nakala moja hubaki kwake.

Swali linaloulizwa sana mezani hapo ni la mtu anayejua anategemea kliniki ileile. "Sista, nikitoka katikati mtaninyima matibabu ya kawaida?" Jibu, kwa sheria na kwa maadili, ni hapana. Lakini kuna swali la pili lisilo na jibu jepesi hivyo: "Na dawa ikifaulu, mimi nitaipata?" Miongozo ya kimataifa ya maadili inasema washiriki na jamii zao wasisahauliwe. Kwa vitendo hutegemea makubaliano yaliyowekwa kabla ya utafiti kuanza. Kwangu, mkuu wa kampuni asiyeweza kulijibu swali hilo hajawa tayari kufanya majaribio Kenya.

Kwa nini tupimwe sisi, lakini? Kwa sababu mwili wa Kilifi hauishi mazingira ya mwili wa Boston. Hydroxyurea ni dawa ya zamani ya saratani ambayo FDA iliiruhusu kwa selimundu tangu 1998. Madaktari wa Afrika walihofia kuwapa watoto, maana hupunguza seli nyeupe, na huku kuna malaria. Utafiti wa REACH uliwachukua watoto 606 nchini Angola, Kongo, Kenya na Uganda, Kilifi ikiwa kituo cha Kenya. Matokeo yake, yaliyotoka Desemba 2018, yalikuwa kinyume cha hofu: maumivu yalipungua, haja ya kuongezwa damu ikapungua, vifo vikapungua, na hata malaria ikapungua.

Linganisha na Casgevy, tiba ya selimundu iliyopata idhini Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, hurekebishwa jeni maabara, naye hupewa kemotherapia kali kabla ya kurudishiwa seli zake. Ni kazi ya sayansi ya kustaajabisha. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mzazi akiambiwa "dawa imepatikana" anaweza kuwa amesikia habari ya Casgevy, ilhali dawa inayoweza kumfikia mtoto wake mwaka huu ni kidonge cha miongo mingi iliyopita.

Dawa zilizowekwa kabatini

Si kila dawa inayoachwa imefeli. Fexinidazole ilitengenezwa na kampuni ya Hoechst ya Ujerumani, ikaachwa miaka ya 1980 bila kumalizwa. Ugonjwa iliofaa kuutibu, malale, unaoenezwa na mbung'o, uliwakumba maskini wa vijijini Afrika, na wakati ule tiba ya hatua ya mwisho ilikuwa melarsoprol, dawa yenye arseniki iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 waliotibiwa. Mwaka 2003 liliundwa shirika lisilo la faida, DNDi, kwa ajili ya magonjwa ya namna hii. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ni mmoja wa waanzilishi wake, na ofisi yake ya kanda iko Nairobi. Watafiti wake waliifukua fexinidazole, wakaipitisha kwenye majaribio nchini Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa ushirikiano na Sanofi, na Novemba 2018 ikapata kibali cha wataalamu wa Ulaya. Vidonge vya siku kumi, hakuna sindano.

DNDi na washirika wake wamefanya hivyo pia kwa kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaowasumbua watu wa Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na Wajir. Zamani mgonjwa alichomwa sindano kila siku kwa siku 30. Majaribio ya Afrika Mashariki yaliunganisha dawa mbili, na tangu 2010 siku zimeshuka hadi 17. Bado ni sindano nyingi kwa mtoto, na kazi ya kutafuta tiba ya vidonge pekee inaendelea.

Hakuna mwekezaji wa kawaida ambaye angelipia kazi hizo, na simlaumu. Mtaji wake unadai faida. Lakini basi tusiachie mtaji peke yake uamue ni magonjwa yapi yatafutiwe dawa.

Baada ya idhini

Idhini ya FDA haimaanishi Kenya. Kila dawa lazima isajiliwe na Bodi ya Dawa na Sumu, kisha ipate mnunuzi, na hapo ndipo hataza ya mwanzoni inaporudi na nguvu zake. Lenacapavir, sindano ya mara mbili kwa mwaka ya kuzuia virusi vya ukimwi, ilijaribiwa kwa wanawake wa Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 walioipata, hakuna aliyeambukizwa. Idhini ya Juni 2025 ilikuja na bei ya dola 28,218 kwa mwaka nchini Marekani. Kwa nchi 120, Kenya ikiwemo, Gilead, kampuni yenye dawa hiyo, ilitoa leseni kwa kampuni sita kutengeneza nakala zake, na Septemba 2025 ilitangazwa kwamba mbili za India zitaiuza kwa dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Ni kazi njema iliyopiganiwa. Ila kati ya kampuni hizo sita, hakuna iliyo kusini mwa Sahara, mahali wanawake wale waliponyoosha mikono yao kutolewa damu.

Uwezo wa kutengeneza upo. Kiwanda cha Universal Corporation kule Kikuyu kilipata 2023 ithibati ya Shirika la Afya Duniani kwa TLD, kidonge kikuu cha wanaoishi na virusi vya ukimwi, na Mei 2025 mfuko wa Global Fund ulitangaza kwamba vidonge vyake vimepelekwa Msumbiji. Upande wa bioteknolojia kasi imekuwa ndogo zaidi: Moderna ilitangaza Machi 2022 kwamba itajenga kiwanda cha chanjo Kenya, na Aprili 2024 ikausimamisha mpango huo.

Kwa hiyo ukitazama safari nzima, tuko imara katikati na wembamba pembeni zote mbili: kama mkulima anayelipwa kwa kupalilia, mbegu ya mwingine na mavuno ya mwingine. Na hata katikati petu pametikiswa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada ya nje, majaribio kadhaa barani Afrika yalisimama ghafla, mengine washiriki wakiwa wameshaanza kutumia kinachojaribiwa.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka Mfuko wa Taifa wa Utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hazina haijawahi kutoa kiasi hicho. Mwanzo wa dawa, ile hatua ya hataza, ni wa bei nafuu kuliko awamu ya tatu, na ndio ambao fedha hizo zingeweza kuulipia hapa, kwa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na KEMRI ambao tayari wanajua kuifanya kazi hiyo. Bajeti husomwa bungeni kila Juni. Wakuu wa bioteknolojia wanaokuja jijini tuwaulize awamu, kundi la kulinganisha, na mwenye hataza. Waziri wa Fedha naye tumuulize asilimia 2 iko wapi.